Muuguzi wangu aliuliza simu dozi ya kichanga. Nipige marufuku?

Shikamoo Mama,

Mimi ni muuguzi, kiongozi wa wodi ya watoto katika hospitali moja ya wilaya Kanda ya Ziwa. Chumba cha watoto wachanga nacho kiko chini yangu. Nakuandikia wewe kwa kuwa ulifundisha uuguzi kabla ya kuanza safu hii, na hapa kazini sina wa kumweleza bila maneno kusambaa.

Vijana wangu karibu wote wana programu za akili mnemba kwenye simu zao. Mwanzoni nilifurahi. Walizitumia kuandaa mada za mafunzo ya asubuhi na kunyoosha Kiingereza cha ripoti za zamu. Wengine walijisomea magonjwa ambayo chuoni waliyapitia harakaharaka.

Majuzi usiku daktari aliandika antibiotiki mbili, ampisilini na gentamisini, kwa mtoto wa siku tatu, kilo 2.1, akihisiwa kuwa na maambukizi kwenye damu. Mwandiko wa dozi haukusomeka, na daktari alipopigiwa hakupokea. Muuguzi wa zamu, binti mwenye bidii aliyeajiriwa karibuni, akaiuliza simu dozi ya gentamisini kwa mtoto. Ikamjibu miligramu 7.5 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Akapiga hesabu, akapata miligramu 15.75, akavuta karibu mililita 0.4 kutoka kwenye kichupa cha miligramu 80. Nilikuwa nimeitwa wodini kwa dharura nyingine, akaniomba nihakiki naye. Nilipoona kiasi kilichomo kwenye sindano nikamzuia. Hakuficha chochote. Alinipa simu akasema, "Sista, imeandikwa hapa." Dawa haikuchomwa, na daktari alipopatikana alitaja dozi isiyofika nusu ya ile.

Nilimweleza matroni. Sasa anataka simu zipigwe marufuku wodini kabisa na binti apewe barua ya onyo, na amenitaka nilete maoni yangu kwenye kikao cha Ijumaa. Vijana wamenuna. Wanasema usiku wako wawili tu, kitanda kimoja kinalaza watoto wawili, na vitabu vya mwongozo vimefungiwa kabatini ofisini. Kusema kweli, hawajadanganya.

Kuna mengine sijamwambia matroni. Nimewaona wakipiga picha kurasa za faili ili programu iwafupishie historia ya mgonjwa. Na alipokuja bibi mmoja na mjukuu wake, bibi asiyejua lugha ila Kisukuma, walitumia simu hiyohiyo kumtafsiria maelezo ya dawa.

Mama, nimwambieje matroni? Na mdogo wangu wa mwisho, aliyemaliza kidato cha sita, anataka kusomea uuguzi lakini kila siku anasikia mashine zitachukua kazi. Naye sijui nimjibu nini.

Muuguzi, Kanda ya Ziwa

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa usiku huo.

Nakuomba usimame kidete kwenye kikao: simu zisipigwe marufuku moja kwa moja, na binti yule asipewe barua ya onyo. Naanza na barua, maana ikishatoka hairudishwi.

Angalia alichofanya. Alikuomba uhakiki dozi kabla ya kuchoma, kama alivyofundishwa. Alipoulizwa namba ameitoa wapi, akakuonyesha. Mtoto yule yuko salama kwa sababu ya mambo hayo mawili. Ukimwadhibu, wenzake wote watajifunza somo moja usiku huohuo: simu ibaki mfukoni, na jibu lake litajwe kana kwamba limetoka kichwani. Hapo utakuwa unahakiki sindano bila kujua namba ilikotoka. Mimi naogopa wodi ya namna hiyo kuliko ninavyoiogopa programu yoyote.

Kwa hiyo liandikwe kama tukio lililokaribia kumdhuru mgonjwa, na sababu zake ziandikwe zote. Mwandiko haukusomeka. Daktari wa zamu hakupatikana, na hapakuwa na utaratibu wa kumtafuta mwingine. Mwongozo ulikuwa umefungiwa. Mwisho ndiyo simu. Ukiiondoa simu peke yake, hizo tatu zitabaki palepale zikimsubiri kichanga mwingine, na muuguzi asiye na simu atakisia tu.

Sasa tuje kwenye dozi yenyewe, kwa sababu ndani yake kuna somo ambalo vijana wako wanahitaji kulielewa vizuri. Jibu la simu halikuwa la kubuni. Kijitabu cha Shirika la Afya Duniani (WHO) cha tiba ya watoto hospitalini, toleo la 2013, kinaitaja hiyo miligramu 7.5 kwa kilo. Lakini ni kwa mtoto aliyekwisha kuvuka wiki ya kwanza. Kwa kichanga aliye ndani ya wiki ya kwanza, kijitabu hicho kinasema miligramu 5 kwa kilo akiwa na uzito wa kawaida, na miligramu 3 kwa kilo akizaliwa na uzito pungufu. Mtoto wenu wa kilo 2.1 anaangukia hapo pa mwisho. Ni miligramu 6.3, yaani kama mililita 0.16 kutoka kwenye kichupa kilekile. Gentamisini inatolewa mwilini na figo, na figo za mtoto wa siku tatu bado ni changa, kwa hiyo dawa inakaa muda mrefu zaidi. Ikizidi inaumiza figo zenyewe na masikio. Kiziwi wa namna hiyo hagunduliki wodini. Anagunduliwa na mama yake miezi mingi baadaye, anapomwita mtoto asigeuke.

Simu ilijibu sahihi, ila kwa mtoto mwingine. Hilo ndilo ningependa ulieleze kwenye kikao kabla ya jingine lolote. Programu hizi zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, na kazi yake ni kupanga maneno yanayoelekea kufuatana na swali ulilouliza. Binti aliuliza kuhusu "mtoto", ikampa ya mtoto. Mwalimu wa wodi angemrudishia swali kwanza: ana siku ngapi, ana kilo ngapi, anakojoa? Programu mara nyingi haiulizi. Ikikosea, inaongea kwa uhakika uleule inaoutumia ikipatia. Mwenzako wa zamu akiwa hana hakika utamjua kwa macho na sauti, lakini maandishi ya simu hayana dalili hiyo.

Kwa hiyo mpaka wa kwanza uwekwe hapo. Chochote kinachoingia mwilini mwa mgonjwa, iwe dawa, maji ya dripu, damu, oksijeni au maziwa ya mrija, kipimo chake kisitoke kwenye programu ya kuchati. Kitoke kwenye agizo la daktari linalosomeka na kwenye mwongozo wa tiba wa taifa unaotumika sasa. Mwongozo utoke kabatini, kama si leo basi kesho. Kaa na mfamasia na daktari wa watoto, mwandike jedwali la dawa mnazozitumia zaidi kwa umri na uzito, walisaini, kisha libandikwe mahali dawa zinapoandaliwa. Na wanaohakiki dozi wapige hesabu kila mmoja peke yake, ndipo walinganishe. Nimeona mara nyingi muuguzi wa pili akisoma tu jibu la wa kwanza na kutikisa kichwa. Huko si kuhakiki.

Huenda matroni atasema kwamba, kwa maelezo haya, bora marufuku. Mwambie kuna manufaa ambayo hapendi kuyakosa. Nairobi, kliniki za Penda Health zilijaribu msaidizi wa akili mnemba waliyemtengeneza pamoja na OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, na matokeo yakatolewa Julai 2025. Walifuatilia ziara 39,849 za wagonjwa katika kliniki 15. Matabibu waliokuwa na msaidizi huyo walifanya makosa machache zaidi kuliko wenzao wasiokuwa naye: pungufu ya asilimia 16 katika kutambua ugonjwa na asilimia 13 katika matibabu. Hao ni matabibu, si wauguzi, na ni kliniki za wagonjwa wa nje. Tena wagonjwa walipoulizwa baadaye kama wamepata nafuu, tofauti kati ya makundi mawili haikuwa ya kutosha kuitegemea. Hata hivyo mimi naipa uzito kazi ile, kwa namna ilivyofanywa. Msaidizi alikuwa ndani ya mfumo wa kliniki, si kwenye simu ya mtu. Alilinganisha kilichoandikwa na miongozo ya Kenya, kisha akawasha rangi: kijani endelea, njano angalia tena, nyekundu simama ufikirie. Uamuzi ulibaki kwa tabibu. Na viongozi hawakukiacha chombo kijiendeshe. Walifundisha watu, wakafuatilia nani anapuuza nyekundu, wakakaa naye.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na kazi yetu. Jacaranda Health, hukohuko Kenya, wana huduma iitwayo PROMPTS ambapo mjamzito anatuma swali kwa ujumbe mfupi, kwa Kiswahili au Kiingereza. Programu inasoma maelfu ya ujumbe na kuuvuta mbele ule wenye dalili za hatari, wa mama anayetokwa damu au ambaye mtoto hachezi tumboni, ili mtu aushughulikie kwanza. Hakuna muuguzi anayeweza kuusoma mlima huo wa ujumbe kwa wakati. Mashine inapanga foleni, binadamu anamhudumia mama.

Ninachokiona katika yote mawili ni kwamba mashine imewekwa pembeni ya kazi, hadharani, na kuna mtu anayeiangalia. Kwenye wodi yako imeingia kwa mlango wa nyuma, kila mtu na yake, na hakuna anayejua nani ameuliza nini.

Hata iliyoingia kwa mlango wa mbele inahitaji macho. Hospitali nyingi za Marekani zilitumia mfumo wa kompyuta wa kampuni ya Epic uliotakiwa kuonya mapema kwamba mgonjwa anaelekea kupata sepsisi, yaani hali ya hatari inayoletwa na maambukizi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliupima kwa wagonjwa wao, wakachapisha matokeo mwaka 2021. Katika kulazwa mara 38,455, mfumo ulishindwa kuwatambua asilimia 67 ya waliopata sepsisi. Wakati huohuo ulipiga kengele kwa asilimia 18 ya waliolazwa wote. Wewe unajua kengele zinavyomchosha muuguzi. Ikilia bure mara nyingi, siku inapolia kwa haki mkono unaizima kwa mazoea. Wauguzi wa California walioandamana San Francisco Aprili 2024 walikuwa na hoja ya msingi: vyombo hivi visiingizwe wodini kabla usalama wake haujathibitishwa, na wauguzi washirikishwe. Nawaunga mkono.

Nalo hili linatuhusu sisi wenye ngozi nyeusi moja kwa moja. Desemba 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti kuhusu kile kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni. Kwa wagonjwa weusi, karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe, kifaa kilisoma kati ya asilimia 92 na 96 ilhali damu yenyewe ilipopimwa oksijeni ilikuwa chini ya asilimia 88. Sasa fikiria programu inayolishwa namba hiyo na kuamua mgonjwa yuko salama. Programu haioni pua zinavyopanuka, kifua kinavyobonyea ndani kila pumzi, wala haisikii mtoto anavyoguna. Wewe unaona na unasikia. Wafundishe vijana wako kwamba namba na mtoto vikipingana, waanze kumwamini mtoto, wamwite daktari.

Kuhusu picha za faili, hapo sina maneno ya kulainisha. Zikome leo, kabla hata ya kikao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na taarifa za watoto nazo zimo humo. Ukurasa wa faili ukishapigwa picha na kutumwa kwenye programu ya kampuni iliyo nchi nyingine, hospitali imeshapoteza udhibiti wake. Usikubali kuambiwa kwamba jina limefutwa. Katika mji mdogo, ukiandika mtoto wa miaka miwili, mama yake mwalimu wa shule fulani, anatumia dawa za kufubaza virusi, jina la nini tena? Na ukiligusa suala hili, gusa pia magrupu ya WhatsApp ya wodi, maana picha za wagonjwa zilianza kuzunguka huko kabla ya akili mnemba kufika.

Yule bibi wa Kisukuma ananiuma kuliko unavyofikiri. Programu hizi zina nguvu pale penye maandishi mengi ya kujifunzia, na Kisukuma, pamoja na mamilioni ya wasemaji wake, kina maandishi machache sana mtandaoni. Tafsiri inaweza kutoka ikiwa na sura ya Kisukuma na ndani yake imegeuza "kila baada ya saa nane" kuwa "saa nane". Muuguzi asiyejua lugha hatagundua, na bibi kwa heshima atatikisa kichwa. Kanda ya Ziwa hamkosi mhudumu, mlinzi au mama wa kitanda cha jirani anayesema Kisukuma, ingawa mambo ya siri yahifadhiwe kwa mfanyakazi wa hospitali. Kisha mwombeni bibi aeleze kwa maneno yake atakavyompa mjukuu dawa nyumbani, na aonyeshe kipimo kwa kijiko au bomba la sindano lenyewe. Nina wasiwasi kwamba hilo halikufanyika. Kama namba yake ya simu ipo, apigiwe na mtu anayesema lugha yake.

Basi Ijumaa andika ukurasa mmoja, usizidi. Sema programu za kuchati zinaruhusiwa kwa kujisomea, kuandaa mada, kunyoosha lugha ya maandishi yasiyo na habari za mgonjwa. Haziruhusiwi kwa dozi, kwa taarifa za mgonjwa wa namna yoyote, wala kumtafsiria mgonjwa. Aliyeitumia aseme, na asiadhibiwe kwa kusema. Mpango wa huduma ulioandikwa kwa msaada wa programu uelezwe kwa mdomo kando ya kitanda: kwa nini umeandika mgeuze kila saa mbili, umeona nini kwake? Asiyeweza kueleza aandike upya kwa mkono wake. Hili nalisisitiza kwa wanafunzi wa mafunzo ya vitendo zaidi ya wote, kwa kuwa jicho la muuguzi linajengeka pale anapohangaika kuunganisha alichokiona na alichokisoma. Akirukishwa hatua hiyo mapema, huenda asiipate tena. Omba pia kamati ya dawa na tiba na afisa TEHAMA wahusishwe. Na omba muuguzi wa tatu usiku, japo utajibiwa bajeti haipo. Liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Mdogo wako mwambie aombe nafasi chuoni bila hofu. Ripoti ya WHO ya mwaka 2025 kuhusu hali ya uuguzi duniani inahesabu wauguzi milioni 29.8, na upungufu wa milioni 5.8 kufikia 2023, na mzigo mkubwa wa upungufu huo umeliangukia bara letu pamoja na eneo la mashariki ya Mediterania. Kazi itabadilika. Atajifunza vyombo ambavyo sisi hatukuvijua, na apende kuvijua kwa undani ili aweze kuvikatalia vinapokosea. Ninachokihofia mimi ni mwajiri atakayesema, kwa kuwa mashine ipo, muuguzi mmoja anatosha kwa watoto hamsini. Hilo lipingwe na vyama vyetu na Baraza la Uuguzi na Ukunga tangu sasa, mapema.

Na yule binti, mpangie zamu moja na wewe wiki hii. Mkae na kile kijitabu, mpitie pamoja dozi za vichanga zote, kisha yeye ndiye awafundishe wenzake kwenye mafunzo ya asubuhi, kama atakuwa tayari. Rasimu yako ya Ijumaa ukitaka niipitie, nitumie Alhamisi mapema.